Mpokeaji wa Majivu

Ukilitafuta jina la Mwanaasha binti Mwinjuma katika mafaili ya serikali utalikuta mara mia moja na tisa, na mara zote ni katika faili moja, la majivu ya makaa ya mawe. Kila mahali ameliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimelala upande kama mtu aliyechoka, na juu ya jina pamepigwa chapa neno linalomaanisha mpokeaji. Karatasi hizo nimeziona zote, nimekaa naye kwenye benchi la ofisi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba nchi hii haitunzi kumbukumbu, huwa nanyamaza. Kumbukumbu zipo, tena zimepangwa vizuri kwa tarehe.

Mwanaasha ni jirani yangu huku Chanika. Ana miaka sitini na mbili. Alizaliwa Mbagala, enzi hizo mikorosho mingi kuliko nyumba, akaolewa na Jabiri, mchimba visima, wakahamia huku sisi wengine tukiwa hata njia ya kufika hatuijui. Jabiri alichimba visima vya watu miaka thelathini. Cha kwake alikichimba mwisho, kifua kikiwa kimeshaanza kumsumbua, na pete za zege alizimimina mwenyewe, moja moja, akipumzika katikati. Kilipotoa maji alimwambia mkewe kwamba kisima kile ni sadaka. Mtu asizuiwe, na asidaiwe chochote. Kila atakayekunywa, yeye Jabiri atapata fungu lake hukohuko aliko. Hakumaliza mwaka.

Kwa miaka kumi na moja Mwanaasha alikilinda kisima kile kama watu wanavyolinda nyumba ya ibada. Masharti yake yalikuwa mafupi: viatu uvue kwenye sakafu, ndoo uje nayo yako, ugomvi uuache nyumbani. Ukimshukuru alikukatiza.

"Usinishukuru mie. Mwombee Jabiri."

Ikawa ndiyo desturi ya mtaa. Watu ambao hawakuwahi kumwona Jabiri, Wakristo tuliotoka bara, wapangaji waliohamia juzi, kila mmoja akijitwisha ndoo alisema, "Mungu amrehemu Jabiri," na Mwanaasha aliyekaa kwenye kigoda chake alijibu, "Amin." Kuna asubuhi nilizihesabu zile amin hadi nikapotea.

Jambo jingine la kumjua nalo ni saini yake. Jabiri alipofariki, kwenye karatasi za kifo walimkamata Mwanaasha kidole gumba wakakichovya wino. Ule wino wa zambarau ulikaa kwenye kidole siku zote za matanga, akila nao, akifuta nao machozi. Ulimtia kinyaa. Eda ilipokwisha alijiandikisha kisomo cha watu wazima, na baada ya miezi mitatu alikuwa anaandika jina lake lote, binti na Mwinjuma, bila kuinua kalamu. Kusoma hakufika mbali. Lakini saini alikuwa nayo, na mtu akimletea karatasi ya kusaini, hata ya mchango wa mtaa, alivaa miwani kwanza.

Kiwanja chao kinateremka kuelekea bondeni. Kila masika maji yalikuwa yanakula uwanja, mwaka baada ya mwaka, hadi ufa ukawa unakikaribia choo. Huku kwetu tatizo hilo lina dawa moja inayojulikana na kila mtu. Unaweka kibao barabarani: MWAGA KIFUSI HAPA, na namba ya simu. Dereva wa tipa mwenye mzigo wa kubomolewa anatafuta pa kuutupa, wewe unatafuta cha kufukia shimo, mnakutana, mnaagana. Nusu ya mitaa yetu imesimama juu ya kuta za nyumba za watu wengine, vigae vyao na masinki yao yaliyovunjika. Kibao cha Mwanaasha nilikiandika mimi, kwa rangi iliyobaki nilipopaka geti. Niliandika kwa maandishi mazuri. Mimi ni mtu niliyesoma.

Aliyekuja alikuwa dereva anaitwa Faraji, kijana mcheshi wa Temeke mwenye kofia ya sufu hata juani. Akabinua mzigo wa kwanza, vumbi likapanda juu ya mipapai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa hiki kifusi gani, mbona hakina mawe?"

"Majivu, bibi. Ya kiwandani, kwenye boila. Haya yanashindilia kuliko kifusi. Yakipata maji yanakuwa saruji kabisa."

"Majivu ya kuni?"

"Aa bibi, majivu ni majivu. Kwani jikoni kwako huna?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Faraji akatoa kitabu chenye karatasi za rangi tatu, nyeupe, njano na waridi.

"Nisainie hapa, bosi ajue sijaenda kumwaga mtoni."

Mwanaasha akaomba asubiriwe, akaingia ndani kufuata miwani. Alipomaliza kuandika, Faraji alikiinua kitabu akakitazama kwa mbali.

"Duh! Bibi, una saini ya waziri!"

Nadhani kwa maneno hayo alijipatia ruhusa ya tipa zote mia moja na tisa. Zilikuja tatu kwa wiki, wakati mwingine nne, kwa miezi minane. Kila moja Mwanaasha aliivalia miwani.

Kwa mwanamke wa pwani majivu si uchafu. Ndiyo yanayong'arisha masufuria, pamoja na kumbi la nazi. Yanamwagwa chooni kuua harufu, yanapigwa kwenye mchicha kufukuza wadudu. Kwa hiyo tipa za mwanzo zilipokelewa kwa furaha, na Mwanaasha, ambaye hakuwahi kula kitu peke yake, aligawa. Watu walikuja na ndoo zilezile za kisima kuchota majivu. Nami nilichukua mbili, nikamwagia matembele yangu, nikayala. Naandika hili ili isionekane kwamba nilikuwa mwerevu kuliko wengine.

Talha, fundi wa kupiga lipu nyumba ya pili, alimpigia kelele ukutani kila tipa ilipoondoka.

"Bi Mwanaasha, umefungua kiwanda cha saruji? Mbona hutuajiri watoto wa mtaa?"

"Kazi ipo, Talha. Njoo na koleo lako na mdomo uuache nyumbani!"

Mikono ilikuwa ya kwanza kusema. Wanawake waliosugulia majivu yale walianza kupasuka ngozi katikati ya vidole, wakapaka mafuta ya nazi, wakalaumu sabuni. Kisha masika ikaingia.

Juu, lile lundo liligandamana kweli kama Faraji alivyoahidi. Lakini chini ya gamba lile kulikuwa na kitu kingine, kijivu na kizito, mfano wa uji uliochacha, na kilikuwa kinatembea. Kilitoka pembeni kikichuruzika taratibu, kinanuka kama kiberiti kilicholowa. Ukikikanyaga hakitoki kwenye kandambili hata ukisugua kwenye nyasi. Nilikuwa napita pale nimebana pumzi.

Maji ya kisima hayakubadilika siku moja. Kwanza chai ilikosa rangi, na Mwanaasha akasema majani ya chai ya siku hizi ni takataka. Kisha birika likafanya duara la kijivu ndani. Kisha maji yakawa yanateleza mkononi, na ukiyanywa yanakuachia ulimini ladha ya msumari.

Sasa nije kwenye kitu kinachonichefua kuliko ule uji. Hakuna aliyemwambia. Mtaa mzima uliojua kusema Mungu amrehemu Jabiri ulianza kupitia njia ya nyuma. Watu walinunua maji ya boza, yale ya lori, wakayabeba kwa kuzungukia upande wa shule ili yeye asiwaone na ndoo zilizojaa. Nami nilizunguka. Wiki tatu mama yule alikaa kwenye kigoda chake kando ya kisima, sakafu imefagiliwa, anatazama njia.

"Watu wamesafiri?" aliniuliza siku moja, nikiwa napita mikono mitupu kwa makusudi. "Au kuna mtu nimemkosea?"

Nikasema ni mvua. Mvua! Talha aliyekuwa juu ya ngazi, chokaa hadi kwenye nyusi, ndiye aliyeshuka akaja mpaka kwenye ukingo wa sakafu, akavua viatu.

"Bi Mwanaasha, wanakuogopa tu hawa. Maji yameharibika. Ni yale majivu."

"Maji ya Jabiri hayaharibiki."

"Yaonje basi ukiwa umekasirika. Si unayanywa umeshaweka sukari?"

Akachota, akanywa kwa kiganja. Talha akavaa viatu vyake akaondoka kwa adabu. Ndipo Mwanaasha akaniuliza.

"Watu wakinywa maji mazuri, Jabiri anapata. Na wakinywa haya, anapata nini?"

Kuanzia hapo hakutaka kitu kingine duniani ila majivu yale yaondolewe na kisima kirudi kama alivyoachiwa. Alimpigia Faraji. Faraji alipokea mara moja tu, akasema, "Bibi, mie dereva. Naambiwa mwaga, namwaga," na baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Basi nikamwambia Mwanaasha twende ofisi ya mazingira. Niliamini kwamba kule kuna sheria, na nilikuwa sahihi.

Tulipokelewa na afisa anayeitwa Wilbert, mtu mpole wa makamo, sauti ya chini, ukutani kwake bango la mito na misitu. Alimwamkia Mwanaasha kwa heshima, akamsikiliza bila kuangalia simu. Kisha akaenda kabatini akarudi na faili, akalifungua mbele yetu kama mtu anayefungua albamu ya harusi.

Lilikuwa faili zuri. Kibali cha kiwanda kuzalisha na kutunza majivu. Kibali cha msafirishaji. Halafu karatasi nyeupe mia moja na tisa, kila tipa na yake, kila moja na nafasi tatu za saini: aliyetoa, aliyesafirisha, aliyepokea.

"Kiwanda kimetimiza wajibu wake, mama," alisema. "Kimetoa kwa kibali. Msafirishaji amesafirisha kwa kibali. Wewe ukapokea."

"Nilipokea kifusi, baba."

"Ulipokea kilichoandikwa hapa."

Nikaangalia. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kwamba mzigo ni majivu ya makaa ya mawe na kwamba mpokeaji anaelewa madhara yake na anachukua dhamana yote kuanzia hapo.

"Mbona ni Kiingereza?" niliuliza. "Mama huyu ataelewaje?"

"Ndiyo fomu yenyewe ilivyo," akajibu, na uso wake ulionyesha kweli kwamba hakuwa ameliwaza hilo kabla. "Lakini amesaini."

Akageuza kurasa. Kwenye kiambatisho, chini ya maneno yaliyosema ridhaa ya mwenye eneo, palikuwa na picha ya kibao. Rangi ya geti langu. Maandishi yangu mazuri.

"Kwa hiyo kwa sasa," Wilbert aliendelea, kwa huruma kama daktari, "mwenye dampo ni wewe, mama. Na unaliendesha bila kibali. Itabidi nikupe notisi ya siku thelathini. Uyaondoe yote kwa gharama yako, au urasimishe eneo."

Mwanaasha alinigeukia. "Anasema nini? Mie ndiye niliyeyatoa kiwandani?"

Kile chumba kilikuwa safi, kiyoyozi kinanong'ona, na hakuna mtu ndani yake aliyekuwa amesema uongo.

Wiki iliyofuata Wilbert alikuja nyumbani kukagua, akiongozana na dada anayeitwa Anjelina, msimamizi wa mazingira wa kiwanda. Alivaa fulana yenye picha ya jani na buti mpya za mvua. Alipiga goti kidogo alipomwamkia Mwanaasha. Tulikaa barazani. Wilbert alivuta tepu yake kutoka kwenye ukingo wa lile lundo hadi kwenye kisima: mita ishirini na mbili. Akaandika, akatikisa kichwa.

"Hapa kuna tatizo," alisema. "Dampo haliruhusiwi karibu hivi na kisima kinachochotwa maji. Kibali hakiwezi kutoka."

Mwanaasha alinyoosha mgongo.

"Si ndiyo nilivyosema mie? Basi waje wayazoe."

Anjelina alitabasamu, tabasamu la mtu aliyefundishwa kukaa na wanavijiji.

"Bibi, kuyazoa ni kazi kubwa mno, na notisi ina jina lako, haina jina letu. Sisi hatutaki upate usumbufu. Watu wenyewe tumesikia hawakitumii tena kisima. Tukifukie. Kazi yote tutafanya sisi, tutakuletea kifusi kizuri, safi, na maji ya bomba tutakuvutia hadi mlangoni. Kisima kikiondoka, eneo linapata kibali, na wewe notisi yako inafutwa."

"Na majivu?"

"Yatabaki palepale," alisema Wilbert, akitazama viatu vyake. "Lakini yatakuwa ya halali."

Nimekaa na sentensi hiyo miezi mingi sasa. Nimeigeuza kila upande. Maji yalikuwa yameingiliwa na majivu, na watu hawa wawili wenye adabu, waliosoma kama mimi, wamekuja kuyaondoa maji ili yasiyaharibie majivu karatasi zake.

Anjelina alitoa fomu na kalamu mpya. Mwanaasha aliniomba nimletee miwani, iko juu ya kabati. Nilipoingia ndani nilidhani nimemjua: amechoka, anaogopa notisi, na bomba mlangoni si kitu kidogo kwa mtu wa umri wake. Nilirudi nayo miguu mizito. Akaivaa. Lakini badala ya kuandika alinisukumia ile fomu.

"Soma. Kiswahili."

Nikaisoma nikitafsiri neno kwa neno: mimi, mwenye eneo, nathibitisha kwamba katika eneo langu hakuna kisima kinachochotwa maji. Akanirudisha nyuma, nikairudia. Kisha akamtazama Wilbert.

"Baba, mtajuaje kwamba hakichotwi?"

"Tunakuja kukagua. Tunaangalia kama kuna kamba, kama ndoo imelowa. Tunauliza majirani."

"Na mkikuta kinachotwa?"

Anjelina alimtupia jicho, lakini mtu wa karatasi alijibu kama karatasi zilivyo. "Tukikuta kinachotwa, hakuna kibali. Na bila kibali hakuna tipa itakayoruhusiwa kumwaga hapa."

Mwanaasha aliifunika kalamu kwa kifuniko chake, akaiweka juu ya fomu, akanyanyuka. Alivua kandambili kwenye ukingo wa sakafu. Akateremsha ndoo, kamba ikapita mikononi mwake, akaivuta juu polepole, akaja nayo hadi mbele ya baraza akaimwaga chini, pale katikati ya buti mpya na viatu vya ofisi. Povu la kijivu likabaki juu ya udongo.

"Andika, baba. Kinachotwa."

Waliondoka bila saini. Ilikuwa karatasi ya kwanza katika maisha yake kuivalia miwani na kuiacha tupu.

Notisi ya siku thelathini iliisha, ikaja nyingine, na ya tatu iko juu ya kabati lake chini ya kopo la sukari. Wanaweza kumpeleka mahakamani, hawajampeleka. Majivu yapo na gamba lake, na masika hii yatatembea tena. Tipa hazijarudi. Kibao nilikwenda kukipaka rangi nyeusi kwa mkono wangu, Talha akanishikia ngazi na kunicheka kwamba nimekosa wanafunzi wa kuwafundisha mwandiko. Juzi nikielekea upande wa Mbagala niliona tipa zilezile za Faraji wa kofia ya sufu zimepanga foleni kwenye bonde jingine. Kando ya barabara palikuwa na kibao. Herufi zilikuwa mbaya, lakini namba ya simu ilisomeka.

Kila asubuhi Mwanaasha anafagia sakafu na kuchota. Ndoo ishirini, wakati mwingine zaidi, na zote anazimwaga kwenye mtaro alioufukua kuelekea mbali na mchicha. Majirani wameambiwa na watakaouliza watajibiwa: ndiyo, kinachotwa, kila siku. Mikono yake imepasuka vibaya, anaifunga vitambaa. Wanaopita wanatazama pembeni. Mtu mzima kumwona mwenzake akivuta maji na kuyatupa kunatia aibu, kana kwamba umemkuta akizungumza peke yake.

Wiki iliyopita nilivua viatu nikaingia kumsaidia. Nilivuta ndoo nne, ya tano ikanishinda mgongo.

"Mwaga mbali," aliniambia, "yasikurukie miguuni."

Nikamwaga mbali. Halafu, kwa kuwa ndoo ilikuwa mkononi na midomo imezoea, nikasema, "Mungu amrehemu Jabiri."

Alisubiri maji yote yazame, mpaka likabaki lile duara la kijivu kwenye mchanga, akalitazama.

"Amin," akasema, akanipokonya kamba.